Bodi ya Pac-Man yenye gemu nne: kioo kidogo kinanidanganya gemu gani linacheza

fundi_mbagala

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo, na wale wa "nunua tu ile ya kichina ya gemu 60" nawaomba mpite kimya kimya, hiyo naijua, siitaki, nataka bodi yenyewe ya zamani ifanye kazi.

Iko hivi. Shemeji yangu wa Leicester alinitumia bodi ya Pac-Man, ile ya Midway ya Marekani, ilikuwa imekufa, nikahangaika nayo miezi miwili ikapona. Nikatengeneza kabati la plaiwudi, ndani nimeweka TV ya chogo ya inchi 21 yenye skati (tundu la SCART) nyuma, nimeilaza ubavu kwa sababu Pac-Man anataka kioo kilichosimama, nikampa RGB (rangi tatu, kila moja na waya wake) pamoja na sinki (mapigo ya kuipanga picha), picha safi kabisa. Majirani wanadhani nafungua bonanza, mwenyekiti wa mtaa kashakuja mara mbili kuuliza kibali 😂

Sasa nikataka gemu nne kwenye bodi moja. Pac-Man ya kawaida, Pac-Man ya mwendo kasi, Ms. Pac-Man na Ms. Pac-Man ya mwendo kasi. Nimechomoa Z80 (chipu inayoendesha gemu) kwenye soketi yake nikaweka kibodi kidogo (bodi ndogo, sio ya kuchapia) nilichotengeneza mwenyewe, juu yake kuna Z80 na flashi (chipu ya kumbukumbu) ya 39SF040, zile ROM nne za programu za 6E, 6F, 6H na 6J nimezitoa. Kila gemu nimelipa kilobaiti 64 zake, kwa hiyo mistari ya anwani A0 mpaka A15 inatoka kwenye Z80 na mimi nachezea A16 na A17 tu. Picha nazo, 5E na 5F, nimeweka chipu za 27C64 kwa adapta, nusu ya chini Pac-Man, nusu ya juu Ms. Pac-Man, A12 yake nimeifunga pamoja na A17. Kuchagua nafanya kwa swichi mbili za miguu sita, upande mmoja wa swichi unaenda kwenye flashi, upande wa pili unaenda kwenye Nano (Arduino ndogo) ili ijue niko gemu gani halafu iandike jina kwenye kioo cha OLED pale juu ya kabati.

Matatizo ni haya:

Kwanza nikigeuza swichi gemu likiwa linaendelea kioo kinajaa takataka, mara nyingi linajizima na kujiwasha lenyewe kwenye gemu jipya, lakini kuna siku linaganda mpaka nichomoe umeme.

Pili OLED inadanganya, imeandika Ms. Pac-Man huku kwenye TV anakimbia Pac-Man bila utepe kichwani. Nikiigusa waya inabadilika.

Tatu, nikiwasha TV baada ya bodi, OLED inaganda kabisa, Nano nzima inaganda. Waya kutoka kwenye Nano mpaka OLED ni kama mita moja na robo.

Nimechoka, nisaidieni.

ChipuMbovu

hilo la pili rahisi, miguu ya Nano inaelea, swichi ikiwa wazi mguu hauna pa kushika ndo maana ukigusa waya inabadilika, weka INPUT_PULLUP kwenye programu na swichi ivute kwenda graundi, kwisha

fundi_mbagala

Asante mkuu, nimejaribu sasa hivi, imetulia kidogo. Ila bado ikitokea nimegeuza swichi moja kabla ya nyingine kuna muda jina na gemu haviendani. Nikitoka 00 kwenda 11 lazima nipite 01 au 10, sina mikono ya kubonyeza zote kwa pamoja.

Zuhura_Maskati

Fundi wangu, tatizo lako sio miguu inayoelea, hiyo ni homa tu. Ugonjwa ni kwamba una wakubwa wawili nyumba moja. Swichi inaamuru flashi, halafu Nano inachungulia swichi na kukisia. Anayekisia lazima siku moja akosee. Mpe Nano amri yote: yeye ndiye ashike A16 na A17, yeye ndiye aandike jina. Hapo kioo hakiwezi kudanganya, maana kilichoandikwa ndicho kilichoamriwa.

Mimi ninayo Neo Geo ya slot nne (inabeba kaseti nne za gemu) hapa nyumbani, ile MVS iliyotoka SNK mwaka 1990, na hao walishaliona hili zamani. Unabonyeza kitufe cha kuchagua gemu, bodi yenyewe ndiyo inahamia kwenye kaseti nyingine, na bodi hiyohiyo ndiyo inatuma amri ya taa iwake nyuma ya kibango kidogo cha gemu lile pale juu. Hakuna mtu wa tatu wa kuchungulia. Taa zangu za awali zilikufa, zile bapa zinazong'aa rangi ya kijani-bluu, nikaweka LED badala yake na inafuata ileile amri. Pac-Man ya 1980 haikuundwa na habari hiyo kabisa, inajua gemu moja tu duniani, kwa hiyo huyo msemaji inabidi umtengeneze wewe.

Swichi zitupe, weka kitufe kimoja. Au hata usitoboe kabati: soma kitufe cha Start 1, mtu akikishikilia sekunde tano bila koini ndani menyu inafunguka. Start bila koini kwenye Pac-Man haifanyi kitu kwa hiyo humsumbui mtu.

fundi_mbagala

Dada Zuhura hiyo ya Start nimeipenda mnooo. Lakini Nano ikibadilisha A16 na A17 gemu likiwa linakwenda si takataka zitakuwa zilezile?

mzee_wa_chogo

Zitakuwa zilezile kijana. Subiri nikueleze taratibu maana hapa ndipo vijana wengi mnaharibu.

Z80 inasoma amri moja baada ya nyingine kwa kasi ya megahezi 3.072. Ukimbadilishia kitabu katikati ya sentensi anaendelea kusoma palepale alipofika lakini kitabu ni kingine, anasoma upuuzi, anaandika upuuzi kwenye kioo. Kinachokuokoa ni kitu kinaitwa wochidogi, mbwa mlinzi. Gemu likiwa zima kila wakati linaandika kwenye anwani 50C0 kumwambia mbwa "nipo". Asiposikia kwa fremu 16, ambayo ni kama robo sekunde, anapiga riseti bodi nzima. Ndiyo maana wewe mara nyingi unaona linajiwasha lenyewe kwenye gemu jipya ukadhani ndivyo lilivyo. Sio swichi yako inayofanya kazi, ni mbwa anakusitiri. Na siku linapoganda ni kwamba Z80 amepotea akaangukia mahali ambapo kwa bahati anaendelea kumlisha mbwa, basi mbwa amelala na wewe umekwama.

Kwa hiyo: shika riseti kwanza, badilisha mistari ya benki (benki ya ROM, sio ya mkopo), subiri kidogo, achia riseti. Z80 yenyewe inataka riseti ya mizunguko mitatu tu ya saa, ni kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, lakini wewe mpe milisekunde 50, huna haraka.

Sasa usiende kuchukua waya wa Nano ukaubandika moja kwa moja kwenye mguu wa 26 wa Z80, ule wa riseti. Mguu ule bodi inausukuma juu, wewe unauvuta chini, mtashindana mpaka mmoja aungue. Kwa kuwa una kibodi chako kati ya soketi na Z80, kata njia ya mguu wa 26, weka chipu ya 74LS08. Ingizo moja litoke kwenye soketi ya bodi, la pili litoke Nano, tokeo liende Z80. Hapo yeyote akisema chini, ni chini. Mbwa anabaki na kazi yake na wewe una yako.

Na swali: adapta zako za 27C64 ulizingatia kwamba soketi za bodi hii ni za ROM aina ya 2532? Maana 2532 na 2732 zinafanana kwa sura tu. Kwenye 2532 A11 iko mguu wa 18, kwenye 2732 iko mguu wa 21. Na 27C64 inafuata ukoo wa 2732. Usipobadilisha njia utapata picha zilizokatwakatwa.

fundi_mbagala

Shikamoo mzee. Hiyo ya 2532 ilinila wiki nzima, nilikuwa naona mzimu una kichwa cha cheri 😂 nilishabadilisha. Hiyo ya mbwa sikuijua kabisa, nilikuwa najisifu kwa watu kwamba nimeweka riseti ya kiotomatiki.

mzee_wa_chogo

Marahaba.

Kamau_Luthuli

Sasa niongeze yangu kutoka huku Nairobi. Mimi nilifanya kama hii lakini kwa bodi nyingine na nikaumia kwa kitu kidogo sana, yaani ile wakati Nano inaamka. Nano ukiiwasha butiloda (programu yake ya kuamkia) inakaa kama sekunde moja hivi ama mbili bila kufanya kazi yako na miguu yote wakati huo inaelea, so Z80 imeshaanza kucheza gemu haijulikani gani halafu ghafla Nano inaamka inabadilisha benki. Weka rezista ya kuvuta chini kwa A16 na A17, kilo-omu 10 inatosha kwa sababu flashi ni CMOS hainywi stima. Na kwa ile laini ya riseti pia vuta chini ili bodi ingoje, Nano ikiwa tayari ndio iachilie. Hivyo kila kitu kinaanza kwa mpangilio.

Zuhura_Maskati

Hapo mimi nakataa kaka Kamau. A16 na A17 kuvuta chini sawa. Ila riseti mimi naivuta juu. Nano ikifa siku moja, au mtu akachomoa waya wa kioo kule juu kwa kufagia buibui, mashine ikose gemu kwa sababu ya kipambo? Hapana. Nano ikifa mashine iwake na Pac-Man wa kawaida kama ilivyokuwa siku zote, watoto waendelee kucheza. Kuhusu zile sekunde mbili, mwache Pac-Man aanze, Nano ikiamka itashika riseti na kupeleka gemu lililohifadhiwa. Utaona tu kioo kinamulika mara mbili.

Kamau_Luthuli

Hiyo kumulika mara mbili ndio mimi siwezi vumilia dada, inakaa kama mashine imeharibika. Kwangu Nano haijawahi kufa.

mzee_wa_chogo

Kila mtu na kabati lake. Ila Kamau, angalia, ukitaka kuvuta chini ingizo la 74LS08 usitumie kilo-omu 10. Chipu za LS zinasukuma mkondo nje kwenye ingizo likiwa chini, mpaka miliampea 0.4. Piga hesabu, mara elfu kumi ni volti nne, hiyo sio chini tena. Kwako ilifanya kazi pengine kwa sababu uliweka HC, ile ya aina ya CMOS. Kwa LS weka kilo-omu moja au pungufu. Kwa kuvuta juu kama anavyofanya Zuhura, kilo-omu 10 haina shida.

Mimi niko upande wa Zuhura, lakini hiyo ni kwa sababu nimerekebisha TV miaka mingi na nimeona kila kitu kikifa, hata kile ambacho "hakijawahi".

Kamau_Luthuli

😅 ni HC kweli mzee. Nimenyamaza.

dogo_wa_gemu

wakuu naomba hizo faili za gemu nne mnitumie inbox

ChipuMbovu

dogo hizi gemu zina wenyewe, hapa tunaongelea bodi na waya

fundi_mbagala

Sawa nimeandika yote. Imebaki ile ya TV kugandisha OLED. Nimepima volti 5 kwenye bodi, naipata 4.98 TV ikiwa imezima na ikiwa imewaka, haishuki. Nimeongeza kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na Nano, bado.

mzee_wa_chogo

Sio volti. TV ya chogo ukiiwasha kuna koili inayozunguka kioo kwa nyuma, kazi yake kufuta sumaku, ule mngurumo wa "dwoooong" unaousikia. Mkondo unaopita pale mara ya kwanza ni mkubwa na waya wako wa mita moja na robo umepita pembeni yake kama antena. I2C, hiyo njia Nano inayoongelea na OLED, haikutengenezwa kwa safari, ilitengenezwa kwa chipu zilizo kwenye bodi moja zinazoongea jirani kwa jirani. Kelele inaingia, kioo kinadhani kimesikia kitu, kinashika laini na hakiachii, na Nano inasubiri mpaka Kiyama.

Na kwa kuwa umeilaza TV ubavu, je rangi kwenye pembe zimetulia? Ukiona doa la zambarau ujue koili hiyo bado ina kazi, iache iwake mara kadhaa ikiwa kwenye mkao huohuo mpya. Mikono yako ikae mbali na kikombe cha mpira pale juu ya chogo, moto wa pale unaweza kuzidi volti elfu ishirini na unabaki hata ukishachomoa.

Zuhura_Maskati

Kuganda kwa Nano kuna dawa ndogo: laibrari ya Wire (ile ya I2C) siku hizi ina setWireTimeout, ukiiwasha haisubiri milele, inakata tamaa inaendelea. Lakini hiyo inaokoa Nano tu, kioo bado kitakuwa kimeandika ovyo.

Dawa kubwa ni usipeleke I2C kule juu kabisa. Weka Nano mbili. Ya chini inakaa jirani na bodi, inashika benki na riseti. Ya juu inakaa mgongoni kwa OLED, waya wa sentimita tano. Kati yao pitisha siriali ya kawaida ya 9600, waya mmoja na graundi yake vimesokotwa pamoja. Ya chini kila baada ya sekunde mbili inatuma namba ya gemu, inarudia tu hata kama hakuna kilichobadilika. Kelele ikila ujumbe mmoja, unaokuja unarekebisha. Ya juu haiamui chochote, kazi yake kusoma alichoambiwa kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Na isiposikia kitu kwa sekunde kumi ifute jina, isibaki inaonyesha la zamani.

Halafu usitumie bafa (nakala ya kioo kwenye RAM) nzima ya picha. OLED ya 128 kwa 64 inakula baiti 1024 na Nano ina baiti 2048 tu za RAM, nusu imekwenda kabla hujaandika jina. Kwa maandishi tumia ile U8x8 ndani ya U8g2, haihitaji bafa. Na mwanga upunguze baada ya nusu dakika, OLED ikionyesha neno moja miezi sita inabaki na kovu.

ChipuMbovu

na EEPROM (kumbukumbu ya Nano isiyofutika) ya kuhifadhi gemu la mwisho andika pale tu mtu anapothibitisha, usiandike kila akipita kwenye menyu, ina maisha ya kuandikwa mara laki moja sasa weka watoto wa mtaani wanaobonyeza tu kwa raha zao uone

fundi_mbagala

Wakuu nimerudi, ni siku nne sasa. Samahani nilikuwa natafuta 74LS08, Kariakoo nimezunguka duka baada ya duka wananiambia "fundi hizo za zamani mno, chukua HC", mwisho nikaing'oa kwenye bodi mbovu ya mashine ya bonanza niliyopewa na jamaa. Hata pawa saplai yangu nilitoa hukohuko, ina 5 na 12 safi kabisa. Bodi zao hazina konekta kama hizi zetu, za kwao zina miguu 36 na 10 na Pac-Man ana 44, lakini spea za ndani ni hazina.

Matokeo. Swichi nimezing'oa. Riseti inapita kwenye 08, nimevuta juu kama alivyosema dada Zuhura (pole Kamau). Nikashikilia Start 1 sekunde tano, OLED ikafungua menyu, nikachagua, kioo cha TV kikawa cheusi kidogo halafu Ms. Pac-Man huyo na utepe wake. Nimebadilisha kama mara mia mbili, mwanangu alikuwa anahesabu akachoka, haijaganda hata mara moja.

Nano ya pili nimeiweka juu. Nikawasha TV, dwoooong, OLED ikaonyesha herufi za ajabu kama sekunde moja hivi ikajirudi yenyewe. Nikarudia mara ishirini, inajirudi.

Kuna kitu kimoja ambacho hamkukisema nikakikuta mwenyewe. Nilikuwa nimefunga A12 ya picha pamoja na A17 kwa waya mrefu unaozunguka bodi mpaka kule kwenye 5F, ile solda ilikuwa imeshika kwa nje tu, ndani haijashika. Ndo ile siku nyingine nilikuwa napata njia za Ms. Pac-Man na sura za Pac-Man, kumbe programu imehama na picha hazijahama. Nilikuwa namlaumu Nano wa watu.

Kamau_Luthuli

Safi sana msee. Umeeka mwendo kasi iwe ya ngapi kwa menyu? Watoto wangu wakishaonja ile ya kasi hawarudi kwa ya kawaida, wanasema imelala.

fundi_mbagala

Ya pili na ya nne. Sifuri ni Pac-Man wa kawaida, ili Nano ikifa iangukie hapo.

Sasa wakuu, A18 ya flashi bado iko wazi nimeifunga graundi, ina maana nina nafasi ya gemu nne nyingine. Nikiweka Crush Roller, picha nitaongeza chipu kubwa, sawa, lakini rangi je? Nimeona ile chipu ya rangi 82S126 ya pale 4A ina rangi zake tofauti.

mzee_wa_chogo

Rangi ni shughuli nyingine. Pac-Man na Ms. Pac-Man wanatumia PROM zilezile, ndiyo maana hukupata tabu. Crush Roller ukimpa jedwali la Pac-Man utapata rangi za kichaa. Itabidi 4A nayo uipandishie chipu yenye benki, na kuwa makini ile ina miguu 16 na inatoa biti nne tu, na lazima iwe ya haraka. Fungua uzi mwingine, huu umeshajaa, na uje na picha ya upande wa nyuma wa kibodi chako nione hizo solda.

fundi_mbagala

Solda zangu mzee usizione usiku utaota vibaya 😂 Nafungua kesho.